Wageni Wawili Kwenye Daftari la Fonie

Ninyi mnaokaa chini ya miavuli ya rangi kando ya barabara, mkisajili laini za simu na kupiga picha vitambulisho vya watu, mmeniomba niwaeleze kazi hii ya mawasiliano ilikuwaje kabla yenu. Nitaeleza. Ila naomba msinihurumie. Wengi wenu hutamka "mama alifanya kazi ya fonie" kwa sauti ileile mnayotumia kumwongelea mtu aliyekatwa mguu. Mimi sikustaafu. Kazi yangu ndiyo iliyostaafu, ikaniacha ningali na nguvu za kufundisha Kifaransa watoto wasiokitaka.

Fonie ilikuwa redio ya kusemea. Chombo chenyewe kilitoshana na mkate wa familia, kikapata uhai wake kwenye betri ya gari na sauti yake kwenye waya mrefu tulioutandaza juu ya paa kati ya nguzo mbili. Mtu wa Uvira aliyetaka kuongea na ndugu yake wa Luberizi, wa Baraka au wa Bukavu alikuja kabinini kwangu, kibanda karibu na soko, akasubiri nimwite mwenzangu wa upande wa pili, na mwenzangu akamtafuta ndugu huyo. Mlisema kwa zamu. Ulibonyeza kitufe, ukasema, ukamalizia kwa neno "avu", maana yake sasa ni zamu yako, ukaachia. Aliyesahau kuachia alijisikiliza mwenyewe mpaka betri ilipochoka.

Na kila mwenye fonie kwenye masafa yale alisikia yote. Mnalalamika siku hizi kwamba simu zinawasikiliza kwa siri. Sisi tulipanga mstari ili tusikilizwe. Mwanamke mmoja wa mtaa wa Kilibula, hapahapa Uvira, alimwambia mumewe hewani kwamba paa linavuja upande wa kitanda, na wiki hiyohiyo fundi wa Makobola alifika na nyundo bila kuitwa, akaenda moja kwa moja upande wa kitanda. Mume alichukua muda kuelewa. Hatukuwa na neno la kuita jambo hilo uvamizi. Tuliliita ujirani, na lilikuwa na hasara zote za ujirani.

Niliingia kazini kwa sababu shule niliyoajiriwa iligeuzwa kambi. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na sifa moja tu ya pekee: nilijua kufupisha. Profesa wetu alitupa kurasa tatu na kudai mistari minne, nami nilimpa mistari mitatu. Alisema nina akili ya kisu. Nililibeba neno hilo kama nishani mpaka siku nitakayowasimulia.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Papa Anselmi, mzee aliyeanza kwenye simu za posta akiwa kijana, kabla ya uhuru. Jambo la kwanza alilonifunza ni kwamba hewa ina saa zake. Asubuhi unatumia masafa ya chini, na Luberizi inasikika kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha pili. Jua likisimama kichwani, masafa hayo yanakufa. Itakubidi upande juu, kwenye masafa ya mchana, ambako vituo vyote vya ufuo na vya bara vimerundikana pamoja kwa sababu hakuna pengine pa kwenda. Asubuhi unaongea sebuleni, alisema, mchana unaongea sokoni. Jambo la pili ni kutokaza waya wa antena wakati wa kiangazi, maana mvua za kwanza zitaukata. Jambo la tatu ni kutoketi karibu na betri ukiwa na nguo unayoipenda. Hilo la tatu nilijifunza kwa kitenge changu cha harusi.

Papa Anselmi alinisimulia kwamba wakati wa Wabelgiji mkuu wake alikuwa na vifaa vya masikioni vya pekee, vilivyofungwa kwenye droo. Kila asubuhi alivivaa, akasikiliza laini zote, akaandika. Uhuru ulipokuja, yule mkuu alikabidhi ofisi, funguo na mihuri, akapanda gari kuelekea mpaka wa Burundi. Vijana wa posta walifungua droo kwa shangwe ili wavitupe vile vifaa ziwani. "Tulivikuta bado viko moto," aliniambia Papa Anselmi. Mkuu mpya, mtoto wa hapahapa, alikuwa amekwisha kuvijaribu.

Ulipokuja uasi wa kwanza, waasi walichukua posta na kumwamuru Papa Anselmi asikilize maadui. Alisikiliza siku nne. Alisikia mtu mmoja akiulizia mbuzi na wawili wakigombania urithi wa nyavu. Aliripoti hivyohivyo, wakamfungia chooni kwa kuwaficha habari. Siku ya tano aliripoti kwamba yule mbuzi anatiliwa shaka. Wakampa chakula. Nilimuuliza mbuzi alifikwa na nini. Alisema alikamatwa, na kwamba yeye mwenyewe alipewa kipande cha paja, nacho kilimshinda kumeza.

Niliicheka hadithi hiyo kwa miaka kadhaa, kama mtu anavyocheka habari za nyumba ya jirani.

Uasi wa zamani zangu ulikuja na ofisi ya usalama yenye mlango mpya na mkuu tuliyemwita Shefu Deo. Hakuwa mtu mbaya wa kusimuliwa. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, aliyetoka mbali na kujifunzia Kiswahili kambini, Kiswahili cha amri na majibu. Aliingia kabinini, akaomba kiti, akanipa daftari jipya lenye safu tano: saa, kituo, anayesema, anayeitwa, maneno. Kila mazungumzo yaandikwe. Mafumbo yamepigwa marufuku. Daftari litapelekwa ofisini kwake kila jioni na kurudi kila asubuhi.

Niliuliza kama ninapaswa kuandika maneno yote au muhtasari. Ninyi mtajifunza wenyewe kwamba kuna maswali ambayo mtu huuliza kwa kiburi chake tu. Shefu alitazama mwandiko wangu, akaridhika, akasema muhtasari unatosha. Nilifurahi. Nilipata mahali pa kutumia kisu changu.

Basi nilianza. Shefu alisoma akiwa na biki, kalamu yake nyekundu, mkononi, na daftari liliporudi lilikuwa na alama za kuuliza kama daftari la mwanafunzi dhaifu. Wiki ya kwanza niliitwa ofisini kueleza ni nani Bwana Asifiwe, kwa kuwa jina lake lilionekana katika mazungumzo kumi na saba, akiwa Baraka na Bukavu siku moja. Nilieleza kwamba ni salamu ya walokole, na kwamba kosa ni langu, niliandika kwa herufi kubwa. Aliniuliza kama nina uhakika. Nilisema nina uhakika. Aliandika mahali fulani kwamba nina uhakika.

Wateja wangu nao walijirekebisha. Kwetu hatumpashi mtu habari ya kifo kwa kumpiga nayo usoni. Tunamwambia mgonjwa amezidiwa, aje. Akifika, akaona majivu ya moto uani na wanaume wamekaa nje, anaelewa mwenyewe. Baada ya marufuku ya mafumbo, watu walianza kuambizana waziwazi kwamba baba amekufa tangu juzi na amezikwa, avu. Nilishuhudia wanaume wazima wakipokea maneno hayo wakiwa wamesimama wima mbele ya mstari wa watu, wasijue mikono waiweke wapi. Hayo ndiyo usalama uliyotupatia katika mwaka wa kwanza.

Lakini kuna mafumbo ambayo msemaji mwenyewe hajui kwamba ni mafumbo. Kwake ni lugha tu. Hapo ndipo nilipojikwaa.

Katika Kilibula aliishi fundi cherehani aitwaye Kashindi, kijana mpole, mwenye mazoea ya kushika pini mdomoni hata akiongea. Mkewe, Nabintu, alikuwa mjamzito, na kwa kuwa mji haukuwa na utulivu alikwenda kujifungulia kwa mamaye, katika kijiji kilichozungukwa na mashamba ya mpunga nyuma ya Luberizi. Asubuhi moja mama wa Nabintu alitembea hadi kabini ya Luberizi, kwa mwenzangu Feza, akamwita mkwewe. Nilimtafuta Kashindi, akaja na tepu shingoni. Mama alisema akicheka: "Bageni bako balifika usiku. Iko babili, banaume bote. Moya iko muzito, mwengine iko mwepesi. Usiku habanyamazi. Ulete bitambaa na sabuni, avu."

Sasa, kila mtu wa ufuo huu anajua maana yake. Mtoto haitwi mtoto kabla kitovu hakijakauka na kuanguka. Kabla ya hapo ni mgeni, kwa sababu hajaamua bado kama atakaa. Ukimwita mtoto mapema, unamshurutisha, na wageni hawapendi kushurutishwa. Mapacha ndio zaidi. Kashindi alitoa pini mdomoni, akashukuru. Mimi pia nilifurahi, nikampa mkono. Kisha nikageukia daftari na kuandika kwa kisu changu:

"Luberizi. Wageni wawili, wanaume, wamefika usiku, salama. Mwenyeji wao Uvira: Kashindi, fundi, Kilibula. Wanahitaji vitambaa."

Niliisoma mara ya pili na kuona neno "salama" halina kazi. Nikalifuta.

Kesho yake, jua likiwa limekwisha kupanda, Shefu Deo alikuja mwenyewe na daftari chini ya kwapa. Ukurasa ule haukuwa na hata alama moja nyekundu. Alinipa mkono.

"Madamu," alisema, "leo umefanya kazi."

Nilimshukuru kabla sijajua ninashukuru nini. Alikaa, akanieleza kwa heshima kama mtu anayemweleza mwenzake wa ofisi. Wapiganaji wawili wa upande wa adui wamepenya uwandani, upande wa Luberizi, usiku. Wamejeruhiwa, ndiyo maana wanadai vitambaa. Mwenyeji wao alikamatwa alfajiri akiwa kwenye cherehani, tena, tazama, akishona vitambaa. Alipoulizwa wageni wake ni akina nani, alijibu kwamba hajawaona bado. Alipoulizwa majina yao, alisema hawajapewa. Shefu alisifu mpangilio huo. Alisema ni mtandao ulioundwa vizuri, mwenyeji asijue majina ya anaowapokea. Baadaye, alipobanwa, ndipo Kashindi aliposema ni watoto. "Kila mtu akibanwa anakuwa na watoto," alisema Shefu. Kikosi kingeondoka saa nane kwenda kuizingira nyumba ile ya kijijini.

Mpwa wangu, anayesoma mambo ya kompyuta, ananiambia kwamba siku zijazo hapatakuwa na haja ya mtu kukaa na daftari. Mashine zitasikiliza simu zote za mji, hazitachoka wala kusinzia, na jioni zitatoa muhtasari safi usio na neno lisilo na kazi. Ananieleza kwa fahari, nami namsikiliza kwa makini, maana anaisifu kazi yangu bila kujua. Mimi nilikuwa mashine hiyo. Nilikuwa nimezaliwa hapahapa, nimezaa hapahapa, nimeita wanangu wageni kwa siku saba kila mmoja, na bado niliandika kile nilichoandika. Kusikia kulikuwa sahihi, na kila neno lilikuwa la kweli. Nilichokiondoa ni kicheko cha yule mama alipokuwa akisema, na pini aliyoitoa Kashindi mdomoni, kwa sababu daftari halikuwa na safu yake.

Nilimwambia Shefu: "Ni watoto wachanga. Kosa ni la muhtasari wangu."

Alivua miwani, akaifuta. Alisema jana niliandika wageni, leo nasema watoto. Ni neno lipi kati ya hayo mawili ambalo ofisi iliamini? Kama la kwanza ni la uongo, basi na mengine ya mwaka mzima yatazamwe upya, nami pamoja nayo. Aliyasema bila ukali. Nilikumbuka mlango mpya wa ofisi yake na nikaona kwamba mikono yangu imejificha yenyewe chini ya meza.

"Basi muulize mama mwenyewe," nilisema. "Muulize weye, shefu, kwa sauti yako. Usinitegemee mimi."

Hilo lilimpendeza, alikuwa mtu wa kuhoji. Saa ilikuwa inakaribia sita. Niliita Luberizi kwenye masafa ya asubuhi na nikapata mlio wa mchanga tu. Jua lilikuwa limesimama kichwani, sebule imefungwa. Nilipanda masafa ya mchana, nikamsihi Feza hewani amtafute mama wa Nabintu, ambaye siku za soko, na siku hiyo ilikuwa mojawapo, alikuwa akiuza mchele pale. Feza alisema anaacha chombo na kwenda mwenyewe. Tulisubiri dakika ishirini. Nje, kikosi kilikuwa kinapakia gari. Shefu alinisaidia kushika waya wa betri uliolegea.

Jambo ambalo sikumwambia, kwa kuwa hakuuliza, ni kwamba sasa tulikuwa sokoni. Vituo vyote vya ufuo, na vya bara hadi Bukavu, vilikuwa kwenye masafa yale, na vilikuwa vimenyamaza. Mwendeshaji wa fonie anaponyamaza saa sita mchana, hajalala. Anasikiliza.

Sauti ya mama ilikuja ikihema. "Minye niko hapa. Nani anaita mutu mu soko, mutu akiwa na bateja? Avu."

Shefu alibonyeza kitufe. "Hapa ni ofisi ya usalama. Wageni waliofika kwako ni akina nani? Avu."

"Ni bageni ba mukwe wangu, avu."

"Sema ni akina nani, avu."

Nilijua kwamba hatataja. Kitovu kilikuwa bado hakijaanguka. Mama yule asingelitaja neno hilo hewani hata kwa serikali, hata kwa askofu. Nilitaka kunyakua kipaza sauti nimwambie ataje, ataje tu, kuna gari linapakiwa. Lakini kama ningesema neno moja, Shefu angesema nimemfundisha jibu. Nilikaa juu ya mikono yangu.

"Jina yabo siitaje leo," mama alijibu. "Uulize juma ijayo, avu."

Shefu alinitazama kama mwalimu anayepata jibu alilolitarajia. "Wametoka wapi? Avu."

"Kule weye ulitoka, papa. Bote tunatokaka kule, avu."

"Wametumwa na nani? Avu."

"Mungu, avu."

"Wana silaha? Avu."

Hapa kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba anajaribu kwa dhati kuelewa anaulizwa nini.

"Silaha?" alisema. "Papa, hata jino habana. Avu."

Nawakumbusha tena namna chombo kile kinavyofanya kazi. Ili sauti yako isikike, lazima ubonyeze kitufe. Hakuna mtu anayecheka kwenye fonie kwa bahati mbaya. Kwa dakika moja na nusu, hewa yote ya saa sita ilijaa vicheko vilivyobonyezewa kitufe. Sauti zikipandana kwenye fonie hugeuka kuwa mlio, kama kuku wengi kwenye gunia moja, lakini sikio la kazi linazitenganisha. Nilihesabu saba. Yule wa Baraka alicheka kwa kuvuta pumzi ndani. Mama wa kituo cha Makobola alipiga meza. Feza alicheka huku akiomba samahani. Shefu Deo alikuwa bado ameshika kipaza sauti karibu na mdomo, na sikio lake lilikuwa limebadilika rangi.

Alielewa. Sitamnyima hilo: alielewa palepale, na neno lake la kwanza alilisema kwa mlinzi mlangoni, kwamba gari lipakuliwe. Nikamsikia mlinzi akikimbia. Nilidhani mambo yamekwisha.

Shefu alifunga mlango wa kabini, akarudi kwenye kiti, akafungua daftari mbele yangu kwenye ukurasa mtupu.

"Andika," alisema. "Nani walicheka. Kituo na jina. Fundi wako atatoka jioni hii daftari likinifikia limekamilika. Lisipokamilika, nitaendelea kumuuliza."

Aliondoka, nami nikabaki na biki. Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Msijibu haraka. Niliwajua wote saba, na majina ya wake zao na waume zao, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuwajua. Kila mmoja alikuwa na kabini yenye mlango mmoja tu, na kila mji ulikuwa na ofisi ya usalama. Upande wa pili alikuwa Kashindi, aliyekuwa ndani kwa mistari yangu mitatu, ambaye hakuwa ameona nyuso za wanawe. Nililia kidogo, kwa ufupi. Kisha niliandika, na safari hii sikufupisha:

"Saa sita na nusu. Luberizi. Mama mkwe wa fundi Kashindi amehojiwa na Shefu mwenyewe. Imethibitika kwamba wageni wawili ni watoto wachanga wa kiume, mapacha, waliozaliwa usiku wa juzi, wenye afya. Vitambaa ni vya kuwafunika. Kosa la kuandika ni la mwendeshaji. Baada ya hapo ulifuata mvumo wa hewa, dakika moja na nusu, kama ilivyo kawaida ya masafa ya mchana. Hakuna maneno yaliyosikika."

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika daftari lile. Nililipeleka mwenyewe. Shefu alilisoma akiwa amesimama, kisha akalisoma akiwa amekaa.

"Mvumo," alisema.

"Saa sita hewa huvuma, shefu."

"Mimi nilisikia watu."

"Sikio lisilozoea husikia watu."

Sikuwa na akili ya kupanga hivyo tangu mwanzo, msinisifu. Nililiona palepale usoni mwake. Kama ni watu, basi watu saba walimcheka, na atapaswa kuandika ripoti ya kuchekwa kwake na kuituma juu, Bukavu, kwa wakubwa wake. Kama ni mvumo, hakuna aliyecheka. Alikuwa anahitaji mvumo ule kuliko mimi.

"Na mvumo huu," aliuliza taratibu, "unafika mpaka wapi?"

"Hauvuki mlima, shefu."

Kicheko kirefu kuliko vyote katika vile saba kilikuwa kimetoka Bukavu.

Alitoa biki nyekundu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Akaniomba yangu ya buluu, akatia sahihi, akampa mlinzi ufunguo.

Kashindi alitoka saa kumi, viatu mkononi, jicho moja limevimba. Vitambaa alivyokamatwa navyo walimrudishia, vimekunjwa. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi. Nilisema pole, nikasema mengine ambayo sikumbuki, na kwamba nilifuta neno "salama" kwa mkono wangu mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaketi kwenye ngazi ileile kuvaa viatu, akafunga kamba zote mbili vizuri.

"Dada," alisema bila kuinua kichwa, "bageni banangojea."

Akaondoka kwa miguu kuelekea barabara ya Luberizi.